Deni la kitabu kimoja

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea na chai yako ya Jumapili, nina jambo la kuungama. Nyumbani kwangu, katika kabati lile lile ninamoweka vyeti vya watoto na risiti za kodi ya nyumba, mna kitabu cha wizi. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna muhuri wa zambarau wa maktaba ya shule ya upili niliyosomea, na nyuma kumebandikwa kikaratasi chenye tarehe ya mwisho ya kukirudisha. Tarehe hiyo ilipita mwaka wa 2005.

Kitabu chenyewe ni Siku Njema, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyotoka mwaka wa 1996. Wengi waliopitia shule zetu za upili hawahitaji kuelezwa. Ni kisa cha Kongowea, kijana wa Tanga ambaye baada ya kufiwa na mama yake anafunga safari hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na baba yangu alikuwa ameondoka miaka sita nyuma kwenda kutafuta kazi Mombasa, akasahau njia ya kurudi. Sitasema zaidi ya hapo. Yatosha ujue kwamba nilipofika ukurasa wa mwisho, nilirudi wa kwanza.

Hebu nikueleze maktaba yetu ilivyokuwa, maana wizi huu haukuzuka hivi hivi. Kilikuwa chumba kirefu mkabala na maabara, chenye madirisha ya vyuma na mlango uliofungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi. Ufunguo aliuweka mwalimu mmoja ambaye pia alifundisha masomo mawili, akasimamia voliboli na kulinda ghala la vitabu vya kiada. Chumba kilifunguliwa mara moja kwa wiki, Jumatano baada ya vipindi, kwa dakika arobaini. Tulipanga foleni. Kila mmoja alikuwa na kadi moja, na kadi moja ilikuwa kitabu kimoja kwa siku saba. Ukichelewa, kadi inachukuliwa muhula mzima. Na ukifika kidato cha tatu, unaambiwa uachane na hadithi kwa sababu zitakupotezea wakati wa kujiandaa kwa mtihani.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, na leo nina umri wa kutosha kumwonea huruma. Kila mwisho wa muhula alihesabu vitabu kimoja kimoja, na kilichopungua alitakiwa kukitolea maelezo mbele ya mwalimu mkuu. Hakuna aliyemwuliza ni vingapi vilivyosomwa. Aliulizwa vilivyopotea. Kwa hesabu ya aina hiyo, njia ya hakika ya kuwa mkutubi hodari ni kutoufungua mlango kabisa.

Kadi yangu ilikuwa imechukuliwa. (Nilichelewesha kitabu kwa siku mbili nikiwa nimelazwa zahanatini na malaria, lakini hilo halikukubaliwa kuwa sababu.) Basi nilimwendea mwenzangu wa kitanda cha chini bwenini nikamwomba anisaidie kwa kadi yake. Yeye hakuwa mpenzi wa vitabu. Alipenda hesabu na kusuka wenzake nywele, na kadi yake ilikuwa safi kama siku aliyopewa. Alikwenda akaniandikishia kitabu kwa jina lake. Wiki ilipopita akanikumbusha, nami nikamwambia bila hata kupepesa jicho kwamba nimekirudisha. Kitabu kilikuwa chini kabisa ya sanduku langu la bati, kimeviringishwa ndani ya sweta.

Unajua utaratibu wa kuondoka shuleni, msomaji. Mwanafunzi hupewa fomu aizungushe: maabara, michezo, bweni, maktaba, kila mahali atiliwe sahihi kwamba hadaiwi. Mwaka wa 2007 tulipokwenda kuchukua vyeti vya KCSE, jina langu lilikuwa safi. La mwenzangu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Alidaiwa kitabu kimoja, na shule ilitaka akilipie mara tatu ya bei yake. Kwa mzazi wa mjini mwenye mshahara, huenda hizo ni pesa za nyama ya siku mbili. Mama yake alikuwa amekwisha kuuza mtamba wa mwisho ili amalize karo. Nilisimama naye pale kwenye veranda ya ofisi. Aliniuliza tu, "Una hakika ulikirudisha?" Nikamjibu ndiyo, pengine mwalimu alisahau kuandika.

Cheti kikabaki. Siku hizi sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka wa 2012 inasema cheti kisizuiwe na mtu yeyote wala taasisi yoyote, ingawa kuna wazazi ambao wangali wanahangaika milangoni mwa ofisi kana kwamba sheria hiyo haikuandikwa. Lakini wakati wetu haikuwapo. Mwenzangu alikwenda kuchuma majani chai hadi akapata pesa zile, na alipofika na cheti chake katika chuo cha ualimu alichokitamani, wanafunzi wa mwaka ule walikuwa wamekwisha kuingia. Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza masomo ya diploma ya uandishi wa habari, nikifundishwa umuhimu wa kusema kweli.

Haya yote niliyafunika, na huenda yangebaki yamefunikwa kama mhariri wangu asingenituma muhula uliopita katika shule moja ya upili ya kutwa, huku mitaa ya Eastlands hapa Nairobi. Alikuwa amesikia kwamba wanafunzi wa pale husoma, tena vitabu visivyotahiniwa. Nilicheka. Watoto wa siku hizi, na simu zao?

Nilifika saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Mlango wa maktaba ulikuwa wazi, umezuiliwa kwa tofali lililovikwa gazeti. Ndani hapakuwa na mwalimu hata mmoja. Nyuma ya meza waliketi wanafunzi wawili wa kidato cha pili, msichana mwenye muhuri na mvulana mwenye gundi na brashi. Msichana aliniamkia vizuri, kisha akaniuliza, "Karibu, Madam. Unarudisha ama unaazima?"

Sikujua niseme nini. Nikamwambia nimekuja kutazama tu.

Mwalimu anayesimamia maktaba hiyo ni wa Kiswahili. Aliniomba nisimtaje yeye wala shule yake, wasije wakubwa wakaja kuhesabu vitabu, akasema huku akicheka, ingawa niliona hakuwa akitania sana. Alipokabidhiwa ufunguo, chumba kilikuwa ghala la madawati mabovu. Vitabu vya kiada havikuwa taabu yake. Tangu mwaka wa 2018 serikali ilipoanza kupeleka vitabu hivyo moja kwa moja shuleni, rafu zilijaa kitabu kimoja kile kile, nakala juu ya nakala. Vya hadithi ndivyo vilikuwa haba. Kwa hiyo alimwendea mwalimu mkuu na ombi dogo. Mzazi wa Kenya anaijua barua ya kujiunga na kidato cha kwanza: rimu ya karatasi, fyekeo, ndoo, karatasi za chooni. Aliomba rimu iondolewe na mahali pake kuandikwe kitabu kimoja cha hadithi, kipya au cha mitumba, cha lugha yoyote mtoto anayoisoma. Wazazi waliona nafuu, kwa kuwa kwa wachuuzi wa vitabu vya mitumba kando ya barabara za katikati ya jiji, kitabu hupatikana kwa bei ya chini sana kuliko rimu. Vilikuja vya kila aina. Vingine vya mapenzi, vya upelelezi, vya dini, na kimoja cha kufundisha ufugaji wa kuku, ambacho nilielezwa hakikai rafuni hata siku mbili.

Jambo la pili alilofanya ni kuutoa ufunguo mikononi mwake. Wako wanafunzi wakutubi, na hawakuchaguliwa kwa alama za mtihani. Yule mvulana wa gundi alikuwa amefukuzwa kwa muda mara mbili kwa utoro. Nilimwuliza ni kitabu gani akipendacho. "Mimi sisomi haraka, Madam," akanijibu, bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Lakini kitabu kikichanika naletewa mimi. Lazima nisome kurasa zilizong'oka ndiyo nijue zinafuatana vipi." Alikuwa amevisoma vingi kwa njia hiyo, vipande vipande, na vingine akalazimika kuviazima ili ajue vilianza vipi.

Siku ya Ijumaa nilirudi asubuhi na mapema kuona kitu alichonieleza mwalimu nisiamini. Gwarideni, baada ya matangazo, mwanafunzi mmoja hupewa dakika mbili asimulie kitabu alichosoma. Sharti ni moja: akifika panapopamba moto, anyamaze. Siku hiyo alisimama msichana mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Alianza vibaya. Akasahau jina la mhusika, wenzake wakaguna. Kisha akafika mahali ambapo mlango unabishwa usiku wa manane, na mwanamke aliye ndani anazitambua zile hodi kwa sababu mtu wa kubisha hivyo alizikwa mwaka uliopita. "Na mimi nimefika hapo," akasema, akarudi kwenye mstari wake. Ah! Ungesikia kelele zile. Saa nne foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi kwenye mfereji wa maji, nami nakiri kwamba nilitaka kuuliza kile kitabu kina nakala ngapi.

Kuna na vikaratasi. Nyuma ya kila kitabu pamebandikwa bahasha ndogo ya kaki, na msomaji anayemaliza humwachia mwenzake neno. Nilikaa kwenye benchi nikavisoma hivyo badala ya vitabu. Mmoja ameandika kwamba kurasa kumi za kwanza ni ngumu kama ugali wa jana, lakini mtu asikate tamaa. Mwingine anaonya kitabu kisisomwe ndani ya matatu, yeye alilia hadi makanga akamwuliza ameibiwa nini. Wa tatu anasema mhusika mkuu ni mjomba wake mtupu, kasoro jina.

Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana, shule nzima husoma kimya kwa dakika ishirini. Wapishi pia. Bawabu pale langoni hufungua gazeti. Mwalimu wa hisabati alipinga jambo hilo katika kikao cha walimu, akasema silabasi haitamalizika, na sidhani alikosea kabisa kwa kuwa dakika hizo hutoka mahali. Siku niliyokuwapo nilimwona ameketi kwenye ngazi na riwaya ya upelelezi, kengele ikalia, asisikie. Na kila darasa lina sanduku la mbao lenye vitabu, linalobebwa kutoka darasa moja hadi jingine kila baada ya majuma mawili. Wanafunzi huliita ngamia, kwa ajili ya wale ngamia ambao shirika la taifa la maktaba lilianza kuwatumia mwaka wa 1996 kule Garissa, kupeleka vitabu kwa watu wasioweza kuvifuata.

Mwalimu huyu amesoma mambo ya kazi yake. Alinitajia S. R. Ranganathan, Mhindi aliyekuwa mwalimu wa hisabati kule Madras kabla ya kuwa mkutubi, ambaye mwaka wa 1931 alichapisha kitabu kuhusu sheria tano za maktaba. Ya kwanza inasema vitabu vipo ili vitumiwe. Waweza kudhani jambo kama hilo halihitaji sheria. Lakini Ulaya ya kale vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu, na katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, minyororo hiyo ipo hadi leo. Na mwaka huo huo wa 1931, hapa hapa Nairobi, ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mbele yake, na milango yake haikuwa kwa ajili ya Mwafrika hadi ukoloni ulipokaribia kwisha. Kufuli la shule yetu, kumbe, lilikuwa na ukoo mrefu.

Nilimwuliza swali ambalo kila mzazi angeuliza: alama za KCSE zimepanda? Alinitazama kidogo kisha akasema hana ushahidi. Insha zimekuwa ndefu, alisema, na uongo ndani yake umekuwa mtamu zaidi. Hilo tu ndilo aliloweza kuniapia. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Kuna wengi wangenitajia asilimia.

Analolalamikia zaidi ni miongozo. Mwanafunzi hununua mwongozo wa riwaya teule, akakariri maudhui na sifa za wahusika, akajibu maswali ya karatasi ya tatu, akapita, na riwaya yenyewe hajaifungua. Mimi naona ni sawa na mtu kutafuniwa chakula halafu akaulizwa kilikuwa na chumvi kiasi gani. Lakini wanaoiuza hawakosi wateja, na walimu wengine ndio wanaoipendekeza, kwa hiyo tuyaache hayo.

Na vitabu vinavyopotea je? Alifungua droo akanitolea daftari lenye kurasa tatu za majina ya vitabu ambavyo havijarudi. Mwalimu mkuu hulitazama kila mwisho wa muhula na hafurahi hata kidogo. Wameshagombana. Mkuu anauliza ni nani atakayelipa, na ana haki ya kuuliza kwa sababu wakaguzi wa hesabu humjia yeye, hawamjii mwalimu wa Kiswahili. Walichokubaliana ni sanduku. Wiki ya mwisho ya muhula huwekwa pale langoni, lina tundu juu kama la kura, na yeyote mwenye kitabu kisicho chake hukitumbukiza akapita. Hakuna anayeandikwa jina. Hakuna anayeulizwa.

"Hurudi vyetu," akaniambia, "na visivyo vyetu." Akanionyesha kimoja, karatasi zake zimekuwa za rangi ya chai, kina muhuri wa shule fulani ya magharibi mwa nchi na tarehe ya miaka ya themanini. Kililetwa na mama mmoja aliyemsindikiza mwanawe wa kidato cha kwanza. Aliliona lile sanduku, akauliza ni la nini, akaenda zake, na kesho yake akarudi nacho kimefungwa ndani ya leso. Nakala nyingine kama hiyo kutoka shule nyingine walikuwa wameituma kwa basi kama mzigo. Nilimwuliza kama shule hiyo ilishukuru. "Walituandikia barua," akasema, "wakitaka kujua vingine viko wapi."

Sote wawili tulicheka, ila mimi kicheko kilinikwama. Usiku ule nililifungua kabati.

Namba ya mwenzangu wa kitanda cha chini ninayo miaka mingi, kwa kuwa sote tumo katika kundi la WhatsApp la waliomaliza mwaka wetu. Huwa tunatakiana heri ya Krismasi. Aliupata ualimu mwaka uliofuata, na sasa anafundisha shule ya msingi upande wa Limuru. Nilimpigia simu badala ya kumwandikia, nikijua nikiandika nitapamba, ndiyo kazi yangu. Nikamweleza yote: sanduku la bati, sweta, veranda. Hakunikatiza. Nilisikia vyombo vikioshwa, kisha mfereji ukafungwa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile pale ofisini. Ulinijibu haraka mno."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia angesema nini. Ningekana, na yeye angekuwa amekosa cheti na kukosa rafiki siku moja. Ule mwaka aliochuma chai aliuhesabu zamani, akasema, na hakutaja kama aliusamehe. Nilianza kumweleza habari za pesa, kwamba nitume thamani ya kitabu na ya mwaka mzima kadiri nitakavyoweza. Akanikatiza kwa mara ya kwanza.

"Pesa usinitumie. Niambie, chenyewe kilikuwa kizuri?"

Nikamwambia nimekisoma mara saba.

"Basi kilete," akasema. "Nilikilipia mara tatu, na sijakisoma."

Hivyo wakati unapoyasoma haya, mimi niko ndani ya matatu ya kwenda Limuru, na kitabu kimo mkobani, nimekivalisha jalada jipya la kaki. Nyuma nimechomeka kikaratasi kwa ajili yake. Nilianza kuandika maneno mengi nikayafuta, na kilichobaki ni nambari ya ukurasa ambao asiufikie usiku akiwa peke yake.